Mnazika Hapa au Mnasafirisha?

Mtu akifiwa Dar es Salaam, jirani wa kwanza kuingia uani humpa mkono na kumwambia pole, na kabla hajakaa vizuri kwenye mkeka huuliza swali la pili: mnazika hapa au mnasafirisha? Huuliza kwa nia njema kabisa, kwa kuwa anataka kujua kama ajiandae kwenda makaburini jioni ileile au ajipange kwa mchango wa gari, na katika nyumba nyingi jibu huwa limeshakaa tayari midomoni mwa watu. Nyumbani kwetu halikuwa tayari. Nimeulizwa swali hilo mara mbili, mwaka 2011 alipofariki baba na mwaka 2018 alipofariki mama, na mara zote mbili nilitambua kwamba sikuwa naulizwa habari za usafiri tu.

Baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Mwislamu, aliyehamia Magomeni akiwa kijana. Mama alikuwa Mchaga wa Marangu, Mlutheri, aliyeletwa mjini na kazi ya ualimu wa shule ya msingi. Walioana na kila mmoja akabaki na dini yake, jambo ambalo sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamume wa Kiislamu kwa mwanamke wa Kikristo, na sisi watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukafuata dini ya baba kama ilivyo ada. Mchana tulikwenda shule, alasiri madrasa, na kila Desemba tulipanda basi kwenda kwa bibi mlimani, ambako tulikula ndizi na nyama ya Krismasi pamoja na watoto wa wajomba bila mtu kutuuliza lolote. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida kwangu kiasi kwamba sikuwahi kuitafutia jina.

Nchi yenyewe ilinizoesha hivyo. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila na dini ilikuwa ile ya mwaka 1967, na karani aliyekuja nyumbani kwangu mwaka 2022 aliuliza umri, elimu, kazi, maji na choo, akafunga kazi yake, akaenda nyumba ya pili. Naona huo ni uamuzi wa hekima na nisingependa ubadilishwe. Lakini katika mji huu, ambao sensa hiyo iliukuta na watu zaidi ya milioni 5, swali ambalo karani haulizi huulizwa na msiba, tena huulizwa siku ambayo mtu hana nguvu za kulijibu.

Baba alifariki saa kumi na moja alfajiri. Jua lilipochomoza, baba mkubwa alikuwa ameshatuma vijana Kisutu kuchimba kaburi, sanda ilikuwa imeshanunuliwa na mwoshaji alikuwa njiani. Katika Uislamu, kumharakishia maiti maziko yake ni kumkirimu, na watu wa kwetu Pwani wamelishika jambo hilo hata asiyeswali huona vibaya maiti akilazwa bila sababu. Mama alipiga simu Marangu. Mjomba, kaka yake mkubwa, alijibu neno moja tu, tunakuja, akapanda basi pale Himo saa tatu asubuhi pamoja na watu wanne wa ukoo. Mama akamwomba baba mkubwa wageni hao wasubiriwe hadi kesho yake, na baba mkubwa, ambaye alimpenda sana shemeji yake, akamjibu kwa sauti ya chini kwamba hilo asingeweza kulifanya hata kama angeombwa na mama yake mzazi. Baba akaswaliwa baada ya alasiri. Mjomba alipigiwa simu akiwa karibu na Chalinze, akaambiwa kaburi limeshafukiwa.

Mimi sikwenda makaburini. Kwa desturi yetu wanawake hubaki nyumbani, nami nilibaki, nimekaa kwenye jamvi kati ya shangazi zangu wawili huku Yasini ikisomwa chumba cha pili. Niliwasikia wanaume wakilinyanyua jeneza, nikaisikia shahada ikisogea mbali mtaani mpaka ikamezwa na kelele za magari ya Barabara ya Morogoro. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 19, ndiye aliyeshuka kaburini pamoja na baba mkubwa kumpokea baba na kumlaza kwenye mwanandani. Aliporudi, suruali yake ilikuwa na mchanga magotini. Usiku ule niliichukua nikaifua mwenyewe, na maji ya beseni yalipotulia ukabaki chini mchanga mweupe, wa kujaa kijiko kimoja hivi. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuumwaga chini ya mwarobaini wetu. Huo ndio udongo pekee wa kaburi la baba nilioushika katika msiba wake.

Mjomba na wenzake waliingia uani saa mbili usiku, na walichokikuta kiliwaumiza kuliko hata kuchelewa kwenyewe. Chini ya turubai, mzee mmoja wa Kinyamwezi alikuwa amevaa kofia ya baba, anakohoa kama alivyokuwa akikohoa baba, anadai kwamba marehemu amekufa na deni lake na kwamba hakuna atakayekula wali wa msiba ule mpaka alipwe. Watu walikuwa wakicheka, na baadhi yao walikuwa wakicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Huyo alikuwa mtani. Wazaramo na Wanyamwezi wamekuwa watani tangu enzi za misafara ya karne ya 19, wakati wapagazi kutoka Unyamwezi walipopita Uzaramo kwenda pwani, na katika misiba ya Kizaramo mtani ana kazi yake kama mwoshaji alivyo na kazi yake: huwazuia wafiwa wasizame. Mjomba anaujua utani, kwa kuwa Wachaga na Wapare nao wanataniana, lakini usiku ule hakuona utani. Alisimama mlangoni, begi mkononi, akasema, “Mmemzika shemeji yangu bila sisi, na sasa mnacheka.” Akanawa mikono ulipoletwa wali, akakaa mbele ya sinia, na hakula. Anayekuja msibani akakataa chakula cha msiba amesema jambo zito kuliko tusi. Alfajiri aliondoka, na kwa miaka saba hakukanyaga tena Magomeni.

Kwa muda mrefu nilitafuta nani alikosea usiku ule, na nililitafuta jibu hilo kwa bidii mbaya, kama mtu anayekuna kidonda. Baba mkubwa alimheshimu ndugu yake kwa namna kuu anayoijua, nayo ni kutomchelewesha. Mjomba angemheshimu kwa namna kuu anayoijua yeye, yaani kumsubiri kila mwenye haki ya kumwona kwa mara ya mwisho hata kama anatoka mbali. Baba alistahili yote mawili, na siku moja haikutosha yote mawili. Kilichonikalia rohoni ni kwamba mimi niliyaelewa yote, pande zote mbili, na sikuwa na la kufanya. Mtoto wa nyumba kama yetu hufundishwa tangu utotoni kuwatafsiria wakubwa wake: kumweleza bibi kwa nini hatuli kitimoto, kumweleza shangazi kwa nini mama hupamba mti Desemba. Usiku ule nilikuwa na maneno yote na hakuna aliyekuwa na masikio, nami pia nilikuwa nimefiwa.

Kisha ikaja eda. Shangazi mkubwa alikaa na mama siku ya nne, akamweleza kwa upole kwamba mjane hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi. Kila mtu alitegemea mama angesema kwamba yeye ni Mkristo. Mama aliuliza kitu kimoja tu: je, wenzangu wa jumuiya wanaruhusiwa kuja? Shangazi akasema mlango uko wazi. Basi mama akakaa eda ya mumewe akiwa na Biblia yake kitandani. Jumapili hakwenda kanisani, na kila Jumatano jioni kinamama wa jumuiya walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakakaa naye kwenye mkeka na kuimba tenzi kwa sauti ya chini sana kwa ajili ya heshima ya nyumba. Shangazi alikuwa akiwapelekea chai ya tangawizi. Mtu akiniuliza leo ndoa ya wazazi wangu ilikuwaje, simwonyeshi picha ya harusi yao. Namsimulia habari za chumba kile.

Katika miezi hiyo nilianza kuyasikiliza maneno ya msiba kwa sikio jipya, kwa kuwa nilikuwa nayabadilisha kutwa nzima kulingana na nani anapiga simu. Kwa watu wa baba nilisema maziko, kwa watu wa mama nilisema mazishi. Kwa hao nilisema maiti, kwa hawa nilisema mwili, maana upande wa mama neno maiti likitajwa kwa mtu wako linakata kama kisu. Lakini pande zote mbili zilisema marehemu, neno lenye asili ya Kiarabu linalomtaja mtu kuwa ameingia katika rehema, na sijawahi kumwona mchungaji akilikwepa. Pande zote mbili zilisema pole, na wafiwa wa pande zote mbili walijibu tumeshapoa hata kama hawajapoa hata kidogo. Pande zote mbili zilisema nimefiwa. Neno hilo nimelitafakari kuliko yote. Kufa ni kwake aliyekufa, na Kiswahili kikakiendeleza kitenzi kile mpaka kikamfikia aliyebaki, kikampa nafasi yake ndani ya tendo: kifo kimetokea, nacho kimetokea juu yangu. Ndani ya neno lile hapakuwa na Mzaramo wala Mchaga, na nilikuwa nikilitamka taratibu ili nikae humo kidogo.

Mama alinipeleka katika misiba ya watu wengi nilipokuwa mdogo, nami siku zile sikujua kwamba ananifunza. Nakumbuka mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa Kariakoo, ambaye mama alinunua kwake vitambaa vya sare. Alipofariki tulikwenda nyumbani kwao, tukakuta wanawake wamevaa nyeupe na wamekaa chini, nasi tukakaa nao wakati wanaume wamekwenda kumchoma maiti, kwa kuwa mtoto wa kiume mkubwa ndiye anayewasha moto. Nilishangaa kwamba hata hapa wanawake tulikuwa tumebaki nyumbani. Jirani mmoja akamuuliza mjane kama majivu yatasafirishwa kwenda India. Mjane akajibu kwa Kiswahili cha Kariakoo, kisichokuwa na kona: “India kuna nani? Yeye kazaliwa hapa, tutamtia bahari ya hapahapa.” Mji huu Wajerumani na Waingereza waliugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, watu wakaishi kwa mafungu na wakazikwa kwa mafungu. Mafungu ya walio hai yamelegea sana tangu hapo. Ya waliokufa yamelegea kidogo tu, na jibu la mama yule ndilo lililonionyesha, miaka mingi baadaye, kwamba neno kwao lina maana ambazo ramani haizijui.

Kwetu Tanzania hata wakubwa wa nchi hurudishwa kwao. Mwalimu Nyerere, aliyefariki London Oktoba 14, 1999, alizikwa Butiama. Benjamin Mkapa alizikwa Lupaso mwaka 2020, John Magufuli Chato mwaka 2021. Wote waliishi Dar es Salaam miaka mingi, wote waliagwa kwa heshima kubwa, na wote walikwenda kulala kijijini. Nilipokuwa nikifuatilia maziko ya Ali Hassan Mwinyi mwaka 2024 nililia kwa sababu ambayo wenzangu sebuleni hawakuielewa. Mzee Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkoa wa Pwani, akapelekwa Zanzibar akiwa mtoto, akakulia huko, akawa Rais wa Zanzibar na baadaye wa Muungano, akafariki Dar es Salaam, na alizikwa Mangapwani, Unguja. Kwao ilikuwa pale alipolelewa. Hakuna aliyeinuka kubisha, na mimi nilikuwa nikiwaza jinsi watu wetu walivyobishania jambo dogo kuliko hilo.

Maana mama alipofariki, swali lilirudi likiwa na meno. Alifariki Jumanne, na akahifadhiwa hospitalini hadi mwisho wa wiki kama ilivyo desturi ya watu wa kwao. Baba mkubwa alikuja kila asubuhi na kila jioni, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na nilimwona jinsi kila usiku uliopita bila mazishi ulivyomlemea, ingawa hakufungua mdomo. Suala lilikuwa wapi. Kwa mila ya mlimani, mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Mumewe alikuwa Kisutu, katika makaburi ya Waislamu, na Mlutheri hawezi kulala pale. Kihamba cha Marangu, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na wanaume wa ukoo, na binti aliyekwenda kwa mume hahesabiwi katika safu ya makaburi yake. Ilikuwapo Kinondoni, ambako watu wa makabila mengi wamelazwa, ambako hata mwigizaji wa filamu Steven Kanumba wa Shinyanga alizikwa Aprili 2012 mbele ya umati ambao mji huu haujausahau, na rafiki zangu walinishauri hivyo: mzike hapa karibu, umtembelee. Ushauri ule ulikuwa mzuri. Lakini nilipoutafakari niliona nampeleka mama mahali ambapo hana mtu, eti kwa sababu kila aliyekuwa wake ana kanuni inayomzuia.

Siku zile niliikumbuka mara nyingi kesi ya S. M. Otieno wa Kenya. Wakili huyo Mjaluo alifariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukadai kwamba Mjaluo huzikwa nyumbani kwa baba zake. Walikwenda mahakamani, Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Watu huisimulia kama kesi ya mila dhidi ya sheria, au ya wanaume dhidi ya mjane. Mimi nimeifikiria zaidi miezi ile mitano. Nimemfikiria mtu anayeamka kila siku, anavaa, anakwenda mahakamani kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa wake, na kulia hajalia bado.

Sisi tuliokolewa na simu ya mjomba. Alipiga Jumatano usiku, baada ya miaka saba ya salamu za kupitia watu, akasema, “Mleteni nyumbani. Nimeshaonyesha mahali.” Sikujua kwamba alikuwa amebishana na wazee wa ukoo siku nzima. Nilimpelekea baba mkubwa habari nikitegemea aumie, kwa kuwa shemeji yake anaondolewa mikononi mwake. Aliinuka, akaenda kwenye kona ya nyumba ambako mama alikuwa amepanda isale tangu mimi sijazaliwa, akasimama mbele ya mmea ule muda mrefu. Kwa Wachaga isale ni mmea wa mipaka na wa makaburi, na pia ni mmea wa kuomba radhi: ukimpelekea jani lake mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukatalia. Mama alimweleza hayo zamani, wakati walipokuwa wakizungumza barazani kama shemeji na shemeji. Baba mkubwa akachuma jani moja, akalifungia kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Tulisafiri usiku, jeneza likiwa nyuma ya gari na sisi tumebanana mbele, Walutheri wakiimba na Wazaramo wakiwa kimya, na alfajiri tukasimama Same ili wenye kuswali waswali. Njia nzima baba mkubwa alilishika furushi lile la gazeti mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Kutoka Himo barabara inapanda, hewa inabadilika, migomba inafunga pande zote. Tulipofika kwenye lango la kihamba, kabla jeneza halijashushwa, alishuka peke yake, akamwendea mjomba, akalifungua gazeti, akamkabidhi jani kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Lilikuwa limenyauka kidogo kwenye ncha.

Mjomba alilitazama. Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama nyuma yake na wote walilitambua. Alilipokea naye kwa mikono miwili, akamshika baba mkubwa bega, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kwenye daladala huwa nageuzia uso dirishani. Akamwongoza hadi nyuma ya nyumba, ambako ng’ombe wa msiba alikuwa amefungwa kwenye mti, akampa kisu. “Tulikuwa tunakusubiri wewe uchinje,” akamwambia, “ili sote tule.” Baba mkubwa akavua koti, akaelekezwa kibla ni upande gani, akachinja. Usiku ule wazee wa mlimani walikunywa mbege yao na baba mkubwa alikunywa chai, na nyama waliyokula ilikuwa moja. Mjomba alikula mbele yake, sahani mbili.

Ibada ya mazishi ilikuwa ndefu. Niliombwa niandike wasifu wa mama, na mzee wa kanisa aliyeusoma aliteleza kidogo alipofika kwenye majina yetu sisi watoto, majina ya Kiislamu katikati ya kanisa la Marangu, akarudi nyuma, akayatamka tena taratibu na kwa usahihi. Namshukuru kwa kurudia kule. Mdogo wangu alibeba jeneza akiwa na kofia yake ya mkono kichwani na hakuna aliyemwambia aivue. Shangazi zangu walikaa benchi la nyuma kabisa, mitandio imefungwa, wakasimama watu waliposimama na kukaa walipokaa.

Kaburini, mchungaji aliita watoto waje kuweka udongo. Nilibaki nimesimama, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa umejifunza kwamba sisi wanawake hatufiki hapa. Mke wa mjomba akanisukuma mgongoni polepole. Niliinama nikachota. Udongo wa kule ni mwekundu uliokoza, una unyevu, unashikana kiganjani na hautaki kutoka, tofauti kabisa na mchanga ule wa kwenye beseni. Niliutupa na sehemu yake ikabaki kwenye mistari ya mkono. Nililia pale kwa wote wawili, kwa sauti, kama wanavyolia watu wa mlimani, na miaka saba ya nyuma ikatoka pamoja na siku ile.

Kuna jambo moja ambalo halijapata mahali pa kukaa, na sitaki kulifunika. Tuliporudi Magomeni, kinamama wa mtaani walitaka kumsomea mama hitima, maana walikuwa wameishi naye miaka zaidi ya 30. Msomi mmoja wa dini akatueleza kwamba hitima haisomwi kwa asiyekuwa Mwislamu. Alisema kwa adabu, na alichokisema ndicho alichosoma. Wale kinamama hawakubishana naye. Walipika pilau, wakawaita watoto wote wa mtaa, hasa wale aliowafundisha mama kusoma, wakawalisha mpaka wakashiba. Mimi nilibaki na swali langu la usiku, la nimwombee kwa maneno gani mtu aliyeniombea kila siku ya maisha yangu kwa jina ambalo mimi silitumii. Nimewauliza watu wawili watatu ninaowaamini na wamenijibu tofauti. Kuna usiku nasema tu, Mola wangu, unamjua.

Sasa watu wakiniuliza kwetu ni wapi, sijibu haraka kama zamani. Nimeona kwamba msibani mtu hatambuliwi kwa anachosema kuhusu ukoo wake, anatambuliwa kwa kazi anayopewa. Mgeni hupewa kiti. Mwenyeji huambiwa kamenye vitunguu, kachote maji, nenda kapokee watu wa Mwanga. Katika msiba wa baba nilikuna nazi tangu asubuhi bila kuulizwa. Marangu, katika siku zote za msiba wa mama, nilipewa kiti kizuri chenye mto, nikahudumiwa, nikaletewa mtori kwenye bakuli la wageni, na wema ule uliniuma kwa namna ambayo nisingeweza kumweleza mtu pale bila kuonekana sina shukrani.

Juzi mjomba alipiga simu. Ameshazeeka, anazungumza kwa kupumzika. Alisema mvua zimeharibu kingo za makaburi, na isale zilizopandwa kichwani kwa mama zimekuwa kubwa mno zinahitaji kupunguzwa, kwa hiyo nisije Desemba kama watu wengine, nije wiki moja kabla, tena nije na nguo za shamba kwa kuwa hana mtu mwingine wa kumpa kazi ile. Nimeshakata tiketi. Baba mkubwa ameniagiza nikirudi nimletee chipukizi moja, ile ya kwenye kona ya nyumba imeanza kuchoka.